Safari ya Bonde la Maua

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Nalepo alikata majani ya ng'ombe pembezoni mwa shamba la migomba, akayafunga mzigo na kuupandisha hadi bandani. Kijiji chao kiko magharibi mwa Mlima Meru, na njia zake zote ni za kupanda au kushuka. Akifika bandani, kifua chake hulia kama filimbi, kwa maana Nalepo alikuwa na pumu. Aliketi kidogo, akavuta dawa yake, kisha akaenda kuoga.

Asubuhi moja hakuketi kabisa.

"Pumzika kwanza, mwanangu!" mama yake aliita.

"Nimepona, yeyo! Leo tunapanga safari!" Nalepo alimjibu mama yake.

Klabu ya mazingira ya shule yao ilikuwa ikijiandaa kwenda kwenye bonde lililo juu ya msitu wa Meru, ambako masika yakiisha maua hufunika ardhi yote. Nalepo ndiye aliyeleta wazo hilo, baada ya kusimuliwa na mjomba wake Lemburis, mpagazi wa mlimani. Wenzake wakamchagua kuwa kiongozi wa maandalizi. Akachora njia ubaoni: wapi watapumzika, wapi watalala, wapi watajaza maji.

"Kabla hatujaendelea," alisema Mwalimu Elinaza, "kule juu hewa ni nyepesi na baridi ni kali. Mwenye tatizo lolote la afya aniambie."

Nalepo aliinamisha kichwa, akajifanya anafuta vumbi la chaki mikononi. Akisema, si ataachwa? Yeye aliyeiota safari hii tangu darasa la nne?

Jumamosi walifanya mazoezi kwenye kilima cha jirani. Nalepo aliwahi mbele ili asionekane mnyonge. Kifua kikambana, akageukia kichakani na kuvuta dawa kwa siri. Rafiki yake Kandida akamfuma.

"Nalepo! Mwalimu anajua?"

"Usimwambie. Ni vumbi tu."

Uso wa Kandida ulijaa wasiwasi.

Walipofika kileleni, mwalimu alifurahi sana. "Kumbe mna nguvu hivi! Basi tupunguze vituo vya kupumzika. Tutapanda kwa mwendo huu huu."

Watoto wakashangilia. Nalepo alijiona yuko mlimani, hana pumzi, na wenzake wamemzunguka wakilia. Yeye ndiye kiongozi wa mpango huu, na mpango wenyewe sasa umejengwa juu ya uongo wake.

Akasimama.

"Mwalimu, mimi nina pumu. Nilificha. Niliogopa kuachwa."

Mwalimu Elinaza akamsogelea, akamshika bega.

"Ungeweza kupoteza maisha, Nalepo. Nashukuru umesema. Kama utakwenda au hutakwenda, daktari ndiye atakayetuambia."

Jumatatu, Nalepo na mama yake walikwenda hospitali mjini Arusha. Daktari alimpima kwa makini, akamwonyesha namna sahihi ya kutumia dawa. Akampa miezi miwili: ameze na kuvuta dawa bila kuruka siku, afanye mazoezi polepole, kisha arudi. Nalepo hakukosa hata siku moja. Aliporudi, daktari alisikiliza kifua chake, akatabasamu.

"Nenda. Lakini polepole, na dawa isitoke mfukoni."

Mpango ukaandikwa upya. Vituo vya kupumzika viliongezwa, na Nalepo akawekwa mbele ya msafara, nyuma tu ya askari wa hifadhi, ili wote wafuate mwendo wake.

Siku ya pili ya safari, walipotoka msituni, Fanuel, mkimbiaji hodari wa shule, alisimama ghafla.

"Mwalimu, kichwa kinaniuma. Afadhali niseme mapema, kama Nalepo."

Wakamketisha, akanywa maji, wakasubiri. Askari alikuwa tayari kumshusha, lakini baada ya muda maumivu yakaisha. Wakaendelea hatua kwa hatua, hadi njia ikapinda kwenye mwamba.

"Jamani!" Nalepo alipiga kelele.

Bonde zima lilikuwa maua! Meupe, ya njano, na mengine mekundu yaliyosimama wima kama mienge. Watoto waliruka, wakakumbatiana, wakaimba mpaka mwangwi ukawarudishia wimbo wao. Nalepo alivuta pumzi ndefu. Kifua kilikuwa shwari. Machozi ya furaha yalimtiririka.

Mwalimu Elinaza aliwakusanya.

"Angalieni, tumefika wote. Nalepo alisema ukweli ingawa aliogopa, ndipo tukaweza kumsaidia. Fanuel naye akasema. Ugonjwa si aibu, wanangu. Ukiuficha, unawanyima wanaokupenda nafasi ya kukulinda."

"Na kiongozi wetu apigiwe makofi!" Kandida alidakia.

Makofi yakalipuka bonde zima.