Nilifunga Kwaresima, Wakanikata Mkono

Wasomaji wenzangu, mimi ni mama wa miaka arobaini na sita, nakaa Obunga hapa Kisumu, nauza samaki wa kukaanga kando ya barabara. Shule niliishia darasa la tatu. Mkiona maandishi yangu yameenda kombo mnisamehe, kwa maana naandika kwa mkono wa kushoto. Wa kulia haupo... Waliukata! Na waliohusika nitawataja wote, sababu hakuna hata mmoja aliyewahi kuja kuniomba msamaha.

Miaka michache baada ya Uhuru nilikuwa mke wa kwanza wa Owuor, kule Seme, karibu na ziwa. Kwetu mke wa kwanza anaitwa mikayi. Owuor alikuwa akibeba mizigo bandarini Kisumu, analala mtaa wa Kaloleni hukohuko mjini, nyumbani anakuja mara moja moja. Mke wake wa pili alikuwa Apondi. Hatukupendana, lakini hatukupigana.

Mwaka huo binti yangu Akinyi alishikwa na surua mpaka macho yakafunga. Nikambeba hadi kanisani kwetu, kanisa dogo la udongo, na mwalimu wa kanisa alikuwa mtu anaitwa Zakayo. Akamwombea. Mtoto akapona! Kwa furaha nikasimama mbele ya watu nikaweka nadhiri kwamba nitafunga Kwaresima nzima.

Zakayo akaniuliza, "Utafunga nini, Nyar Kano?" Ndivyo walivyoniita, binti wa Kano, kule nilikozaliwa.

Nikasema nyama.

Akacheka. "Nyama! Kwani wewe hula nyama kila siku? Fungisha mwili pia. Usilale na mume mpaka Bwana afufuke. Na ukivunja, yule aliyekurudishia mtoto anajua njia ya kuja kumchukua."

Ndugu zangu, ni mama gani angesikia maneno hayo ayachezee?

Sasa asiye wa kwetu ni lazima aelezwe. Kwaresima inaangukia wakati wa mvua kubwa, wakati wa kupanda. Na katika boma letu hakuna mbegu inaingia udongoni kabla mwenye boma hajalala na mikayi wake. Asubuhi yake hao wawili ndio wanatoa mbegu. Halafu mke wa pili apande, halafu ndugu wadogo. Mtu akiruka ni chira, laana ya kukonda na kufa. Mimi nilijua. Zakayo naye alijua, si ni Mjaluo kama mimi! Lakini mvua ilikuwa imezoea kuchelewa, nikafikiri Pasaka itafika kwanza.

Mvua haikuchelewa...

Owuor akafika nyumbani. Nikamweleza nadhiri yangu. Siwezi kusema uongo, siku hiyo hakukasirika. Alishika kichwa tu, akasema, "Min Akinyi," yaani mama Akinyi, "huyo Mungu wako hana shamba?" Akaenda zake kwa Apondi.

Aliyewasha moto ni shemeji yangu Okumu, mdogo wake Owuor. Majirani walikuwa wameshapanda, na yeye hawezi kupanda kabla ya kaka yake. Akaja uwanjani akapiga kelele ili boma zote zisikie: "Kaka! Mbegu zetu zimefungwa kwa sketi ya mwanamke? Watoto wangu wale nini, zaburi?" Watu wakacheka. Owuor hakucheka.

Na Apondi naye akamwaga mafuta. Alimwambia Owuor kwamba hakuna funga yoyote, mimi ni mwanamke wa Zakayo, ndiyo sababu namnyima mume. Uongo mtupu! Lakini mwanamume ambaye amechekwa anahitaji ushahidi gani?

Jumapili ya Matawi nilirudi kutoka kanisani na tawi langu mkononi. Owuor alinipokea na mpini wa jembe. Alinipiga mgongo, akanipiga mbavu, akanipiga magoti nisikimbie. Okumu alisimama mlangoni. Apondi alikuwa uwanjani akichambua mboga, na hakuinua kichwa. Akinyi alishika mguu wa baba yake akilia, akarushwa ukutani kama tambara!

"Sema leo utalala na mimi!" Owuor alifoka.

Nikasema, "Baba Akinyi, niue mimi, lakini mtoto abaki."

Juma lote nililala ndani nikitema damu. Mwanangu ndiye alininywesha uji. Na nilivumilia, wasomaji... Nilijiambia Pasaka iko karibu.

Ijumaa Kuu asubuhi nilisikia Okumu ananoa panga kwenye jiwe, anamwambia Owuor, "Mwanamke mmoja atatuua na njaa sisi wote. Wewe ni mwanamume ama ni nani?" Nikashika mkono wa Akinyi, nikapita nyuma ya nyumba. Nilitaka kitu kimoja tu. Zakayo anifungue nadhiri kwa kinywa chake, ili nilale na mume wangu na mtoto wangu asife. Basi!

Nilipofika kanisani nikaona shamba la Zakayo. Mungu wangu! Mahindi yalikuwa yameota, mistari kwa mistari, kijani kibichi! Kwetu ukiona shamba limeota huulizi mwenyewe alilala wapi. Huyu mtu alitoa mbegu na mkewe katikati ya Kwaresima ileile aliyonifungia mimi!

Niliingia ndani. Waumini walikuwa wamepiga magoti. Nikasema, "Mwalimu, nifungue nadhiri yangu, ama umwambie mume wangu ukweli."

Zakayo akatazama mlangoni. Owuor na Okumu walikuwa wamefika, na panga iko. Akasema kwa sauti ya mimbari, "Mimi? Mimi nilimwambia nyama tu. Huyu ana shetani wake mwenyewe."

Nikamwuliza, "Na mahindi yale nje yalijipanda? Mama Rusia, wewe na mumeo mlitoa mbegu lini?"

Mkewe, huyo Mama Rusia, aliinamisha kichwa. Huko nyuma mama mmoja alishindwa, akaangua kicheko. Ndipo Zakayo akainua fimbo yake yenye msalaba akanipiga nayo mdomoni. Meno mawili yalianguka palepale mbele ya madhabahu. Akasema, "Owuor, toa mali yako ndani ya nyumba ya Mungu!" Na wale akina mama niliofunga nao, wanaojua kila kitu, ndio walionisukuma nje...

Owuor aliinua panga. Nilimfunika Akinyi kwa mwili wangu, nikainua mkono.

Uchungu haukuja haraka. Niliona bangili yangu chini kwenye matope, na mkono wangu umo ndani yake. Akainua tena. Akina mama waliokuwa wakitoka ziwani na karai za samaki walitupa karai, wakamvamia wakipiga mayowe. Wakanifunga kwa leso, wakanipakia gari la samaki mpaka hospitali Kisumu.

Pasaka ilinikuta kitandani. Padri mzee aliyekuja kuona wagonjwa alinieleza kwamba funga ya watu wa ndoa ni ya wawili waliopatana, na kwamba Mungu hawindi mtoto wa mtu kwa ajili ya nadhiri. Nililia siku hiyo kuliko siku niliyokatwa.

Na mnajua walifanya nini kule nyumbani? Kabla askari hawajafika, Owuor alitoa mbegu na Apondi, na Zakayo akaenda kuzibariki! Owuor alifungwa jela. Okumu alisema hakuona kitu. Zakayo aliapa mahakamani kwamba alikuwa amefumba macho akiomba. Mpaka leo anahubiri.

Baadaye mtoto wa Apondi alikufa, wakasema ni chira kwa sababu mikayi alirukwa. Tangu hapo kila msimu wananitumia watu nirudi. Kwaresima hii Owuor, aliyetoka jela zamani, alikuja mwenyewe Obunga, amezeeka, kofia mkononi. Akinyi, ambaye sasa ni mama wa watu, aliacha kuparua samaki akasimama na kisu chake kando yangu.

"Mikayi, usiku mmoja tu," Owuor alisema. "Mvua imekaribia."

Nikamjibu, "Nimefunga, Owuor. Na Pasaka ikifika nitakuwa bado nimefunga. Wewe huna Pasaka kwangu."

Aliondoka bila kuaga.

Dada zangu mnaosoma haya, nawasihi. Kufunga ni kuzuri, mimi mwenyewe sijaacha. Lakini asikufungie mtu mwingine, na asikutishe na uhai wa mtoto wako. Na yule anayekupiga leo, usimngojee sikukuu yoyote imbadilishe. Mimi Jumapili ya Matawi nilikuwa na mikono miwili na njia ya kwenda kwetu Kano ilikuwa wazi. Nilingoja! Wewe usingoje. Beba mtoto, uende.