Abiria wa Kiti cha Nyuma

Krrrr. Kimya. Krrrr tena, fupi, kama kitu chenye magurudumu madogo kinachosogea juu ya sakafu ya saruji na kusita kila kikifika kwenye ufa. Mama Kiroboto alifumbua macho gizani akajiambia, panya. Lakini panya gani huyu anayetembea mstari ulionyooka, kutoka sebuleni hadi mlango wa chumbani, halafu anasimama hapo kama mgeni anayesubiri kukaribishwa?

Aliwasha taa. Mlangoni palikuwa na kigari cha kuchezea, basi la chuma la rangi ya kijivu, refu kama kidole chake cha kati, na pua yake imeelekea kitanda kidogo alicholala mtoto. Kiroboto mwenyewe, binti wa miaka minne aliyepewa jina hilo kwa sababu hatulii mahali pamoja, alikuwa amelala fofofo, kidole kinywani.

Asubuhi alimkuta mumewe amelishika basi lile kama mtu aliyeshika yai. Mumewe alikuwa fundi saa, na mtaa mzima ulimwita Lenzi kwa kile kioo cha kukuzia alichokibana jichoni kutwa. Saa ndizo zilizowalisha, ila vigari ndivyo vilivyomkosesha usingizi. Vigari vya zamani vya chuma cha kusubu, kile kinachoyeyushwa na kumiminwa ndani ya kalibu. Mletee viwili ambavyo wewe unaapa ni pacha, atakwambia hiki kimetoka kalibu ya kwanza, hiki ya pili, tazama taa, tazama ngazi ya nyuma, hapa walichonga upya. Wenzake wa chama cha wakusanyaji walimheshimu, lakini kitabu chao, kile kinachoorodhesha kila toleo na jina la aliyeligundua, hakikuwa na jina lake hata kwa bahati mbaya. Jambo hilo lilimuuma kuliko jino bovu.

"Mke wangu, njoo uone. Dirisha la nyuma."

Alimpa kioo. Kwenye kiti cha nyuma cha basi aliketi mtu mdogo kuliko punje ya mchele. Mtoto. Viganja vyake vimebandikwa dirishani.

"Mabasi haya yote viti vyake vitupu," Lenzi alisema, sauti ikimtetemeka kwa furaha. "Yote! Hili halimo kitabuni. Jumamosi mwenyekiti wa chama anakuja kulichukua akalipige picha. Nitaandikwa, mama."

"Usiku lilikuwa mlangoni kwetu."

"Panya," alijibu, haraka mno.

"Umelitoa wapi?"

"Kwenye katoni la mama mmoja aliyehama. Vitu vya marehemu bintiye." Alishusha sauti. "Ugonjwa haukujulikana. Wanasema alikuwa anapungua tu, hadi nguo za mwaka juzi zikamtosha tena."

"Isije ikawa bandia ukaaibika mbele ya watu."

Lenzi alicheka. "Bandia naijua hata gizani. Mtu akitengeneza kalibu kwa kigari kilichokwisha kusubiwa, chuma kikipoa hunywea. Nakala haifikii kimo cha mama yake, hupungua kama unene wa kucha. Na mshono wake, pale nusu mbili za kalibu zilipokutana, huwa mnene. Gusa hapa."

Aligusa. Chuma kilikuwa na joto, kama shavu.

Ijumaa alimvalisha Kiroboto viatu vya shule. Viatu vile vilikuwa vikimbana tangu mwezi uliopita, kila asubuhi vita na machozi, na yeye alikwisha kumwahidi wifi yake kwamba vikitoka hapa vinakwenda kwa binamu. Leo miguu iliingia bila neno. Mtoto alisimama, akapiga hatua mbili, viatu vikabaki nyuma.

Mama mtu alivitazama. Mtoto hurefuka, au husimama pale pale. Hajasikia mtoto anayerudi nyuma. Na hapo ndipo mengine yote aliyokuwa akiyafukuza kichwani yakaja kwa mkupuo, kwamba Kiroboto siku tatu hizi hajaomba maji, hajaruka kitandani, hajamwaga kitu, ameshinda dirishani ametulia viganja juu ya kioo, kwamba akimbusu anabaki na ladha ya sarafu mdomoni, kwamba usiku akimpapasa anamkuta wa baridi kama sufuria iliyolala nje na kifua chake hakipandi wala hakishuki mpaka aguswe, ndipo kinapoanza, kama mtu aliyekumbushwa kazi.

Hakungoja hata kujifunga kitambaa kichwani. Mtaa wa pili kulikuwa na mwanamke anayesubu masufuria, wanamwita Mama Makaa, mwenye mikono ya makovu na mdomo usio na breki.

"Shoga, mimi ni mtu wa masufuria," alimkatiza. "Ukitaka mganga, nyoosha mbele, uliza penye foleni." Kisha akamtazama usoni, akaweka upawa chini. "Haya, sema tena. Polepole."

Alisema tena. Mama Makaa aliisogelea tanuri kana kwamba kaingiwa na baridi.

"Baba alinirithisha kazi hii na onyo moja. Kuna jini hapendi pango wala shimo, anapenda kalibu, maana kalibu ni tumbo lisilo na mwenyewe. Chuma kikimiminwa naye yumo, anatoka nacho. Anakaa kimya miaka na miaka hadi mtu amtajie pengo lake. Ukimwambia umepungukiwa na kitu fulani, anakwenda kukitafuta, na mahali alipokitoa anaacha nakala." Alimshika mkono. "Nani kwenu amelitajia pengo lile basi?"

Mama Kiroboto aliuchomoa mkono. Jibu alikuwa nalo.

"Mkague mtoto. Aliyezaliwa hana mshono. Ukiuona, fungua tumbo la kile kigari kabla hakijavuka kizingiti chenu, na umwite mwanao. Kisha niletee mimi mabaki. Usipitie kwa mtu."

Aliuona jioni, akimwogesha. Ulianzia nyuma ya sikio, mnene kama uzi, ukashuka shingoni, ukapita kwapani na ubavuni hadi kisigino, mstari mmoja usiopinda, na upande wa pili vivyo hivyo, na yule kwenye beseni aligeuza uso akamtazama kwa macho ya Kiroboto, akasema kwa sauti ya Kiroboto, "Mama, mbona umeacha kunisugua?"

Kesho yake ndiyo Jumamosi. Lenzi yuko mezani, anakata kitambaa cha kulifungia basi.

"Baba Kiroboto. Ulisema nini kwa hilo basi siku ulipolileta?"

"Nani, mimi? Mtu anaongea na basi?"

"Unaongea nalo kila siku! Ulisema nini?"

Alinong'ona bila kuinua macho. "Nilisema, laiti ungekuwa na abiria."

"Na ulipomwona abiria ukamjua."

"Nilidhani anafanana tu."

"Wewe! Wewe unayeona kichwa cha ribiti kimepungua upana wa unywele! Hukuliona paji la uso la mwanao? Lifungue tumbo umtoe!"

"Punguza sauti." Alilifunika basi kwa kiganja. "Sikiliza. Nikitoboa zile ribiti zinazoshika tumbo lake linakuwa takataka, hakuna kitabu kitakacholiandika. Na huyu tuliye naye anakula, anaongea, ana tabia nzuri kuliko..." Alisita. Afadhali angekomea hapo. "Sisi bado vijana, mke wangu. Tutapata mwingine."

Hakulia. Alichukua keke ndogo ya kutobolea saa, na mumewe alipojikinga uso akidhani atapigwa, akalinyakua basi lenyewe mezani, akajifungia chooni. Mlango uligongwa. Aliligeuza basi tumbo juu na kuzungusha keke juu ya ribiti ya kwanza, unga wa chuma ukimwangukia magotini, na chuma kikizidi moto vidoleni hadi ngozi ikanuka, na sauti ya Kiroboto nje ya mlango ikimsihi mama niache, mama unaniumiza, mama ni mimi, na yeye akiwa amejing'ata mdomo, ribiti ya pili, hajui kama anamwokoa mtoto au anamchinja, hadi tumbo la basi likabanduka na yeye akaita jina lile alilompa siku ya kwanza kumnyonyesha, akaita, akaita.

Nje kitu kilianguka kama sufuria. Kisha kilio. Kilio cha kweli, cha makamasi.

Alimkuta mtoto sakafuni kati ya majivu ya kijivu, ana jasho, anataka maji. Lenzi alikuwa amempita na kuchuchumaa chooni, anakusanya vipande vya basi. Hakumgusa mtoto.

Alimpokonya vipande, akambeba Kiroboto mgongoni, akakimbia hadi kwa Mama Makaa. Basi lilipozama tanurini ilitoka sauti nyembamba, ndefu, ya juu.

"Ni hewa," Mama Makaa alisema, akifunika. "Chuma cha zamani kina hewa."

Jumatatu viatu vilibana. Kiroboto alipiga mayowe, akarusha kimoja chini ya kabati, na mama yake alicheka mpaka akakaa chini.

"Mama," mtoto alisema akivuta kamasi, "na dada je?"

"Dada yupi?"

"Wa chini ya kiti. Mkubwa kuliko mimi. Yeye kakaa sana mle. Ulipoita akanisukuma, akasema tangulia wewe, halafu mwambie mama yako anirudie."

Vidole vya Mama Kiroboto vilikwama kwenye kamba ya kiatu. Aliiona tanuri. Alimwona mama mmoja asiyemjua, anapanga vyombo katika nyumba mpya, amezika kitu akidhani ni mwanawe.

"Haya umemwambia nani?"

"Wewe."

"Na baba?"

"Sijamwambia."

Alifunga kamba, akaikaza, akaifunga tena.

"Usimwambie mtu mwingine. Na mimi usiniambie tena. Unaniahidi?"

Kiroboto alifuta kamasi kwa kiganja. "Na wewe hutamwambia mama yake?"

"Nakuahidi," alinong'ona. "Simwambii mtu."