Karatasi Iliyogeuzwa

Asubuhi hiyo Kitinda alifika kwa dada yake kama alivyozoea, akavua viatu mlangoni, akatazama sakafu, akavivaa tena.

"Dada, humu hata nzi akitua anachanika."

"Nzi wangu wana akili, hawatui ovyo," dada yake alijibu bila kuinua macho mezani. "Chai iko kwenye chupa. Kikombe chako unajua kilipo."

Kilikuwa msumarini juu ya meza ya kazi: kikombe cha udongo cha njano, kinene, chenye mkono mpana kama sikio la mtu mzima. Vyombo vyote vya nyumba ile vilikuwa vikingoja zamu yao ya kukatwa kwa koleo, isipokuwa hicho. Kitinda alikuwa akikinywea tangu utotoni.

Mtaa mzima ulimwita dada huyo Mama Vigae, ingawa hakuwahi kuzaa. Mtoto pekee aliyemlea alikuwa huyu mdogo wake, kitinda mimba wa mama yao, aliyeachwa yatima akiwa bado anatambaa. Alimlea katikati ya vigae na chupa zilizovunjika. Siku moja alipogeuka kidogo tu, mtoto akajikata kifundo cha mguu. Kovu lilibaki, limepinda kama mwezi mchanga, na Mama Vigae hakuwahi kulitazama bila kuumia.

Kazi yake ilikuwa kutengeneza picha za ukutani kwa vitu vilivyotupwa: vigae vya bafu la hoteli iliyobomolewa, chupa za kijani, vioo vya pikipiki, sahani zilizobanduka kingo. Samaki wa ukuta wa zahanati walikuwa wake. Jogoo wa kinyozi alikuwa wake pia, na watoto waliopelekwa kunyolewa walimmwagia makombo ya mkate chini ya mdomo.

Siku hiyo Kitinda hakuigusa chai. Alikuwa amebeba boksi, ameliegemeza kwenye tumbo lake, maana mimba ilikuwa imekua. Ndani mlijaa vipande vya sahani nyeupe zenye ukingo wa buluu.

"Hivi ndivyo vya mwisho," alisema. "Kabati sasa ni tupu."

Sahani hizo zilikuwa za marehemu. Kitinda aliolewa na dereva wa lori aliyefiwa na mke wa kwanza, na tangu aingie katika nyumba ile, vyombo vya marehemu huyo vilikuwa vikivunjika. Havikuanguka. Kila alipopakua chakula na kukiweka mezani, sahani ilipasuka katikati, taratibu, kama mkate unaomegwa kwa mikono. Baadaye zikaanza kupasuka kabatini, milango ikiwa imefungwa.

"Mwambie shemeji anunue za plastiki," Mama Vigae alitania.

Kitinda hakucheka. Alisogea karibu.

"Jana nimeusikia mlio ule ule, Dada," alinong'ona. "Lakini haukutoka kabatini."

"Ulitoka wapi?"

Kitinda aliweka kiganja tumboni. "Mtoto akanyamaza mpaka jioni."

Koleo likasimama mkononi mwa Mama Vigae.

Wazo la kutengeneza picha kwa vipande hivyo lilikuwa la mama mkwe wa Kitinda, aliyeishi nao. Marehemu, alisema bibi yule, alifia hospitali ya mbali na kuzikwa huko huko. Hakutoka kwa mlango wa nyumba yake, na ndiyo maana bado yumo. Basi dada wa Kitinda amtengenezee picha kwa vyombo vyake mwenyewe, ukutani mwa ukumbi, kando ya mlango wa mbele, akitembea kwenda nje. Aonyeshwe njia.

Mama Vigae hakuwahi kusikia jambo kama hilo popote, wala hakuliamini. Lakini tumbo lile lilikuwa la mdogo wake.

"Niachie boksi," alisema.

Hapa kuna jambo moja la kazi hii ambalo ni vizuri lieleweke polepole. Picha kubwa haibandikwi ukutani kipande kimoja kimoja. Fundi huchora kwanza kwenye karatasi, kisha hubandika vipande juu ya mchoro kwa gundi ya unga, uso chini, mgongo juu. Karatasi nzima hubebwa, hukandamizwa kwenye saruji mbichi, halafu hulowanishwa na kubanduliwa. Ndipo uso wa picha huonekana mara ya kwanza, hata kwa aliyeitengeneza. Na kwa kuwa karatasi imepinduliwa, kila kitu hugeuka kama herufi za muhuri. Mtu anayeelekea kulia mezani ataelekea kushoto ukutani. Kwa hiyo mchoro wa mezani lazima uwe kinyume.

Mlango wa nyumba ya Kitinda ulikuwa upande wa kushoto wa ukuta ule. Mwanamke wa picha alipaswa kwenda kushoto, atoke. Kesho yake, Kitinda akiwa amekuja tena, Mama Vigae aliubandika mchoro kwenye kioo cha dirisha, akaufuatisha kwa nyuma kwa wino mzito mpaka mistari ikaonekana pande zote mbili za karatasi. Akaulaza mezani, mwanamke akiwa anaelekea kulia, akaweka jiwe kila pembe. Kisha akatoka kwenda kuosha vipande bombani.

Kitinda alibaki ndani peke yake, akinywa chai.

Kwa siku kadhaa Mama Vigae alikata na kubandika. Mikono yake alikuwa ameifundisha kutouliza maswali, maana fundi anayeanza kuwaza kulia na kushoto katikati ya kazi hukata kidole. Alifuata mistari. Gauni akalijaza vipande vyeupe vya ukingo wa buluu. Pembeni akaweka vigae vya kijivu vya hoteli. Mahali pa jicho aliacha tundu, kama alivyofanya kwa kila picha. Jicho alikuwa akilipachika mwisho, picha ikiwa imeshasimama ukutani.

Mchana wa kuipachika, jua lilikuwa kali na mlango wa mbele ulikuwa wazi. Bibi aliketi kwenye kigoda ukumbini, mikono mapajani, kama mtu anayesubiri mgeni. Kitinda alishika ndoo. Alivaa gauni la kijani.

"Fundi, umemtengeneza vizuri?" bibi aliuliza.

"Utamwona mwenyewe, Mama."

Saruji ilipakwa. Karatasi ikakandamizwa. Mama Vigae aliilowanisha kwa sponji, akangoja, akaanza kubandua kutoka juu.

Zikatokea nywele. Likatokea paji la uso.

Likatokea jicho.

Mkono wake ulisita. Aliligusa kwa ncha ya kidole. Kilikuwa kipande kidogo cha buluu, kimekaa sawasawa kwenye tundu aliloliacha tupu. Kilikuwa na unyevunyevu, lakini kila kitu pale kilikuwa na maji, akajiambia. Akaendelea kubandua. Pua. Mdomo. Kidevu.

Vyote vilielekea kulia.

Mwanamke alikuwa ameupa mlango mgongo. Mguu mmoja mbele, gauni likipepea nyuma yake, alikuwa anaingia.

"Haiwezekani," Mama Vigae alisema. "Niligeuza. Niligeuza kwa mikono yangu."

Ndoo ilianguka. Kitinda alikuwa amejiziba mdomo.

"Mimi, Dada," alisema. "Siku ile ulipokuwa bombani. Nilimwona mezani anaangalia ndani. Nikaogopa. Nikaona aibu kukufundisha kazi yako, kwa hiyo nikaigeuza karatasi, nikarudisha mawe."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Mama mkwe alikuwa ameniambia nihakikishe anaangalia nje."

Wote wawili walimgeukia bibi. Bibi alikuwa akitabasamu huku machozi yakimtiririka.

Mama Vigae alichukua tindo na nyundo. Saruji ilikuwa mbichi bado, ingetoka hata kwa mwiko. Alipiga. Tindo likaruka. Alipiga tena. Ilikuwa kama kupiga jiwe. Hapakutoka hata vumbi.

"Mwache," bibi alisema kwa upole. "Ametembea mbali."

Ndani kabisa ya nyumba, mlango wa kabati ulifunguliwa.

Ukafungwa.

"Kitinda, tunaondoka," Mama Vigae alinong'ona. "Sasa hivi."

"Nichukue nguo za mtoto tu."

"Acha nguo!"

"Ziko kitandani, Dada. Nageuka tu."

Akaingia. Mama Vigae alitaka kumfuata, lakini bibi alikuwa amemshika mkono. Mkono wa bibi ulikuwa mkavu na mwepesi, na haukuondoka.

Wakasikiliza. Hatua za Kitinda zilikwenda hadi chumbani. Zikanyamaza. Kisha ukasikika mlio mdogo. Ka! Kama sahani.

Halafu hatua zikaanza tena. Zilikuwa nyepesi, za mtu asiyebeba kitu. Zilikwenda jikoni. Vyombo vikaanza kupangwa, kimoja kimoja, kwa utulivu. Hapakuvunjika hata kimoja.

"Kitinda!"

Mama Vigae alijitoa mikononi mwa bibi kwa nguvu, akageuka, na macho yake yakapita ukutani.

Mwanamke wa picha alikuwa anaelekea kushoto. Uso mlangoni, mguu mbele, anatoka.

Kwa pumzi moja tu, Mama Vigae alishukuru. Basi ameondoka, alisema moyoni. Ameondoka.

Kisha akaona gauni. Halikuwa tena jeupe lenye ukingo wa buluu. Lilikuwa la vipande vya kijani.

Akaona tumbo. Lilikuwa kubwa, la mviringo, limejazwa vipande vinene vya njano.

Akaona mguu. Kwenye kifundo, katikati ya vigae vya hoteli, palikuwa na kipande kidogo cheupe kilichopinda kama mwezi mchanga.

Alikimbilia jikoni. Mezani zilikuwa zimepangwa sahani nyeupe za ukingo wa buluu, nzima, hazina hata ufa. Mbele yake alisimama mdogo wake, uso ule ule, shingo ile ile. Alikuwa amejifunga kitambaa kiunoni, na kiuno kilikuwa chembamba.

"Karibu, fundi," alisema. "Kazi yako nimeipenda. Keti ule."

"Mtoto yuko wapi?" Mama Vigae aliuliza.

Mwanamke alimtazama kwa huruma, kama mtu anayemsikiliza mgonjwa.

"Mtoto gani?"

Nje, lori lilipiga honi. Shemeji aliingia akiwa amechoka, akaweka begi chini, akaketi mezani, akala. Alisema chakula kilikuwa kama cha zamani. Hakuuliza chochote. Mama Vigae alipomshika bega na kumwuliza mdogo wake yuko wapi, shemeji alitafuna polepole, akamgeukia mama yake.

"Mama, fundi huyu amekula kweli? Naona jua limempiga."

Alirudi ukumbini. Aliweka sikio lake ukutani, juu ya vile vipande vya njano. Majirani waliokuwa wakipita walimwona akiwa amepiga magoti, anaongea na ukuta, anauita kwa jina la Kitinda. Wengine walicheka. Mmoja alimnyanyua, akamsindikiza kwake.

Mtaani wanakumbuka kwamba Mama Vigae alimlea mdogo wake. Ukiwauliza huyo mdogo aliolewa na nani, wanaanza kusema, halafu wanasita, kama mtu aliyesahau alichokifuata chumbani. Kila asubuhi Mama Vigae huenda pale mlangoni na tindo jipya, na kila jioni hurudi nalo limepinda. Mwanamke wa ukutani bado anatoka. Mguu wake uko karibu na mlango kuliko ulivyokuwa jana, au labda ni macho ya Mama Vigae tu. Ukimgusa tumboni wakati nyumba imetulia, anasema, utasikia kitu kinapiga teke.

Lakini siku ile ya kwanza, jirani alipomfikisha nyumbani na kumwacha mlangoni, Mama Vigae aliingia akakanyaga vigae bila kujali, akaenda moja kwa moja kwenye meza ya kazi. Alikuwa anataka kukiona kikombe.

Msumari ulikuwa pale pale. Mkono wa kikombe ulikuwa bado unaning'inia, wa njano, mpana kama sikio la mtu mzima. Kikombe chenyewe hakikuwepo, na chini yake hapakuwa na kipande hata kimoja.

Alinyoosha kidole akaugusa.

Ulikuwa na joto la chai.