Chenga za Flaiwili

Jioni ile Fundi Gramu alikuwa ametoka mara moja tu, kununua sabuni ya unga na ncha mpya ya drili. Aliporudi, taa za barabarani zilikuwa zimeanza kuwaka na geti la nyumba yake lilikuwa wazi. Uani alisimama mwanamume mrefu, koti limefungwa vifungo vyote na joto lote lile. Mbele yake alisimama mke wa Gramu, akipangusa viganja kwenye kanga na kuhema.

"Mgeni wako huyu," mke alisema. "Nimempokea mzigo nikauweka mezani. Jamani, chuma gani kile? Kidogo kinivunje mgongo!"

Gramu alicheka. Jina hilo la Gramu alipewa na wateja. Kazi yake ilikuwa kusawazisha vyuma vinavyozunguka ndani ya injini za magari ya zamani, yale ambayo wenyewe huyafunika shuka na kuyatoa siku za kujionyesha. Chuma kikizidi upande mmoja, hata kwa gramu chache, injini hutetemeka mpaka meno ya dereva yanagongana. Karakana yake ilikuwa banda la bati ubavuni mwa nyumba, limegawana ukuta na jiko. Humo alikizungusha chuma kwenye mashine, sindano ikamwonyesha upande mzito, akauwekea alama ya chaki, akautoboa kuupunguza. Kitobo kimoja, viwili, chuma kinatulia. Hakuwahi kurudisha kazi ya mtu nusunusu, na hilo alijivunia kuliko kitu kingine chochote.

Alimwongoza mgeni karakanani, akafunua shuka lililofunika mzigo mezani. Ndani mlikuwa na flaiwili, lile gurudumu zito linalokaa nyuma ya injini. Ya kizamani sana. Nyeusi. Ilitoa harufu ya udongo uliomwagiwa maji sasa hivi.

"Ya gari gani?"

"La nyumbani," mgeni alijibu. Sauti yake ilikuwa ya chini, kama mtu anayezungumza chumba cha mgonjwa. "Fundi, nina ombi moja. Chenga zitakazotoka ukitoboa, usizitupe. Hata punje. Nitazipitia."

"Chenga za chuma? Za nini?"

Mgeni alikuwa ameshageuka. Gramu alijaribu kuisogeza ile flaiwili, ikagoma. Akaikumbatia kwa mikono miwili, mishipa ya shingo ikamtoka. Alipoinua macho amuulize mgeni alivyoibeba peke yake mpaka hapo, geti lilikuwa limeshafungwa.

Asubuhi aliifunga kwenye mashine na kuwasha mota. Mkanda ukalia, flaiwili ikazunguka, sindano ikaruka. Upande mmoja ulizidi mno. Akatia chaki, akashusha drili.

Chuma kilitoboka kama siagi.

Chenga zilizotoka zilikuwa na uvuguvugu. Si moto wa chuma kilichosuguliwa... uvuguvugu wa mkono wa mtu. Alizikusanya kwenye kopo.

Kutoka jikoni mkewe alipaza sauti: "Baba watoto! Leo goti haliniumi hata kidogo!"

"Ni ile dawa ya kuchua!" Gramu alijibu, akazungusha tena.

Upande ule ulikuwa umetulia. Lakini sasa sindano ilionyesha upande wa pili. Akatoboa. Ikahamia pembeni. Akatoboa tena. Siku nzima ilikuwa hivyo, na jikoni mama watoto akiimba, akibeba ndoo mbili kwa mpigo kama msichana. Alikuwa mwanamke wa kishindo, mnene, mcheshi, ndala zake zikisikika tangu barabarani. Watoto wao walishakua wakaenda zao, na kelele zake ndizo zilizojaza nyumba.

Magharibi ilipoingia, mgeni alifika. Hakuingia. Alinyoosha mkono getini, akapokea kopo la chenga, akalipimapima kiganjani. Akatabasamu kidogo.

"Endelea, fundi. Bado haijatulia."

Siku iliyofuata Gramu alitoboa tena. Alikasirika sasa. Chuma gani kinamshinda yeye? Kopo la pili likaanza kujaa. Ilikuwa mchana alipozima mota kupumzisha mkanda, akagundua kitu kinachokosekana.

Kimya.

Alimwona mkewe kupitia dirishani akikatiza ua na beseni la nguo. Ndala zilikuwa miguuni. Zilikanyaga. Lakini pa-pa-pa yake haikuwepo. Hata vumbi halikutimka.

Gramu alitoka. Upepo mdogo ulipita, wa kupeperusha leso. Mama watoto alikuwa anaanika shuka. Akashika kamba kwa mikono yote miwili, ghafla, kama mtu anayezama. Visigino vyake vilinyanyuka kutoka chini. Vikabaki hewani.

"Baba watoto..." alinong'ona. "Nishike."

Alimkimbilia akamdaka kiunoni. Mwili ulikuwa uleule, mnene, wenye jasho. Lakini alikuwa ameshika kitu kama gauni tupu.

Alimwingiza karakanani, akampandisha kwenye mizani ya kupimia vyuma. Sindano ilisogea kidogo tu, ikasimama. Gunia tupu lingeisogeza zaidi. Mkewe aliitazama ile sindano, akatazama flaiwili yenye vitobo, akatazama kopo.

"Ni kile chuma, sivyo? Mimi ndiye niliyekipokea. Alinitazama machoni akasema, 'Nishikie, mama.' Nikashika."

"Mbona hukuniambia kama unajisikia vibaya?"

"Sikujisikia vibaya!" Machozi yalimtoka. "Nilijisikia vizuri. Tangu nizae sijawahi kujisikia vizuri hivyo."

Gramu alimfunga kwenye mguu wa meza kwa mkanda wa mashine. Akaanza kurudisha chenga za kopo la pili kwenye vitobo, akizishindilia kwa nyundo, kila kitobo akikiziba kwa risasi aliyoiyeyusha kutoka kwenye betri kuukuu. Kila nyundo ilipotua, mama watoto aliguna. Kisha miguu yake ikagusa sakafu. Kisha kiti kikalia chini yake, kriii, na Gramu hakuwahi kusikia mlio mtamu kama ule.

Lakini vitobo vya jana vilibaki wazi. Chenga zake hazikuwepo.

"Hodi."

Sauti ilikuwa ya chini. Ilitoka getini, lakini waliisikia kana kwamba ipo chini ya meza.

"Usifungue," mke alinong'ona.

Gramu alikwenda, akasimama upande wa ndani wa geti, nyundo mkononi. "Rudisha chenga za jana."

"Zimeshatumika."

"Zimetumika wapi, we mtu?"

Mgeni alipojibu, sauti yake ilikuwa imebadilika. Ilikuwa ya mwanamume aliyechoka, basi.

"Nyumbani kwangu kuna mtu alikuwa hawezi kukaa. Miaka yote nimemfunga kamba kitandani. Usiku kamba ikilegea nasikia anavyogonga dari, taratibu... kama puto. Mke wangu, fundi. Na yeye alimpokea mtu mzigo. Jana kwa mara ya kwanza amekaa kitini. Tumekula pamoja."

Gramu aliishusha nyundo taratibu.

"Nilikuja kuchukua zilizobaki," mgeni akaendelea. "Lakini nimesikia nyundo. Nimejua umeelewa. Basi, kaa nayo. Aliyeielewa kazi yake ndiye mwenye nayo sasa."

"Sitaki! Beba takataka yako uondoke!"

"Mkeo hajakamilika, sivyo? Utaitaka."

Harufu ya udongo wenye maji ilipita chini ya geti, ikafifia. Gramu alipofungua, barabara ilikuwa tupu.

Walijifunza kuishi hivyo. Mama watoto alitembea, alipika, lakini nusu yake haikuwepo. Alilalia upande wa ukutani, mkono wa mumewe juu yake. Siku za upepo hakutoka kabisa. Gramu alimkatia vipande vya risasi, na jirani wa ukuta wa pili, mshonaji mwenye mdomo mwingi na roho nyepesi, akavishona kwenye pindo za magauni yake bila kuuliza sana. "Fasheni ya wapi hii, shoga?" alitania. Mama watoto alicheka naye, lakini kicheko hakikufika machoni.

Flaiwili Gramu aliipeleka jalalani kwa toroli. Alfajiri aliikuta juu ya meza, imefunikwa shuka. Hakujaribu tena.

Alichoogopa zaidi kilikuwa kingine. Alianza kumkuta mkewe karakanani, amesimama mbele ya kile chuma, kidole kinapapasa vitobo vilivyo wazi. Akimwita, anachelewa kugeuka.

"Unafikiria nini?"

"Hakuna. Nakumbuka tu nilivyokuwa nakanyaga."

Jumamosi moja saa za asubuhi Gramu alikuwa nyuma ya nyumba akinawa grisi kwenye bomba. Alisikia kicheko cha mshonaji karakanani, na sauti ya mkewe, laini, ya kubembeleza. Akazunguka nyumba mikono ikichuruzika povu.

Mshonaji alikuwa anatoka mlangoni, akipangusa viganja kwenye aproni.

"Shemeji, mwogope Mungu!" alisema, akihema na kucheka. "Unamwachia mkeo anyanyue lichuma kama lile? Nimemsaidia kulipandisha kwenye mashine, kidogo linivunje mgongo!"

Akajiondokea zake, viatu vyake vikigonga zege, ko, ko, ko, mpaka ng'ambo ya ukuta.

Gramu aliingia ndani. Mama watoto alikuwa amekaa kwenye stuli, amejishikilia ukingo wa meza kwa mkono mmoja. Flaiwili ilikuwa imefungwa mahali pake. Alama ya chaki ilikuwa imeshatiwa, na chini yake kopo safi, limekingwa vizuri. Alikuwa amemtazama mumewe akifanya kazi hiyo maisha yote, hakukosea kitu.

"Mama watoto. Hapana."

"Ni mnene yule," alinong'ona. "Hatajua. Goti lake linamsumbua, anasema mwenyewe kila siku..."

"Hapana."

"Kitobo kimoja tu, mume wangu. Kidogo tu."

Ng'ambo ya ukuta cherehani ilianza kulia, na mshonaji akaanza kuimba. Gramu alitaka kuinua mguu aende kuuzima umeme. Mkewe alimtazama kwa macho yale aliyoyajua tangu ujana wao, yamejaa maji, yanaomba.

Mguu wake haukuinuka.

Drili ilikuwa imeshawashwa.