Mtandao Umejaa

Asubuhi ya Kiherehere ilianzia dirishani. Kabla ya kunawa uso, kabla hata ya kumjibu mama yake kama ameamka salama, alikwenda kuitazama simu. Mama yake alikuwa mkunga wa zahanati, na simu ile ndiyo iliyokuwa mlango wake wa pili. Mjamzito yeyote wa mtaani akishikwa na uchungu, mtu wa nyumbani kwake alipiga, na mama akachukua mkoba wake na kuondoka mbiombio. Kwa hiyo simu ya mama haikuwa kitu cha mchezo, na ole wake aliyesahau kuichaji.

Jina la Kiherehere hakupewa na wazazi. Alipewa na mjomba wake, kwa sababu jambo lolote likitokea mtaani, msichana huyo alikuwa wa kwanza kufika na wa mwisho kuondoka. Mwanzoni alinuna. Baadaye akalizoea, na sasa ukimwita kwa jina lake la shuleni huenda asigeuke.

Mtaa wao ulikuwa bondeni, na mnara wa simu ulikuwa nyuma ya kilima. Zamani simu ya mama ilisimamishwa ndani ya kikombe kilichovunjika mkono, pale dirishani, maana hapo tu ndipo ilipopata kijiti kimoja cha mtandao. Ukiihamisha kidogo, hata hicho kijiti kinakimbia. Kiherehere alichoka na kikombe kile. Akamsumbua mjomba wake, ambaye alikuwa fundi redio, hadi mjomba akasalimu amri.

"Haya, haya! Utanitoboa masikio," mjomba alisema. "Kuna mchuuzi anauza kidude cha kuvuta mtandao. Nitakuletea, mradi uninyamazie."

Jumamosi moja, mama akiwa kazini, mjomba alipanda paani akafunga antena ndogo upande wa nyuma, usioonekana barabarani. Kiherehere alishika ngazi. Kidude chenyewe, kilichokuwa na ukubwa wa kitabu, kilipachikwa ukutani nyuma ya kabati. Mama aliporudi, simu ilikuwa na vijiti vyote, hata chini ya kitanda. Alishangaa, akauliza, na mjomba akajibu kwamba amerekebisha mambo kidogo. Mama alikuwa amechoka, akashukuru, akalala.

Kesho yake Kiherehere alikwenda gengeni kununua nyanya, akamkuta muuza genge anaitikisa simu yake kama anayetoa mchanga kwenye kiatu.

"Siku hizi mtandao umejaa!" muuza genge alilalamika.

"Hata kwetu umejaa!" Kiherehere alijibu kwa furaha.

Kila mmoja aliona ameeleweka vizuri, wakaagana. Laiti mmoja wao angeuliza neno moja tu zaidi, hadithi hii ingeishia hapo gengeni.

Wiki iliyofuata, Kiherehere akiwa anafua sare zake uani, mshonaji wa jirani aliingia bila hata kubisha hodi. Tepu ya kupimia ilikuwa bado inaning'inia shingoni.

"Mama Mkunga yupo?" aliuliza kwa sauti iliyofika barabarani.

Mama alitoka. "Karibu, jirani. Kuna nini?"

"Nimekuja kukwambia kwamba mke wangu amejifungua. Mtoto mzima, mama mzima, namshukuru Mungu. Lakini si kwa msaada wako! Nimekupigia mpaka kidole kikafa ganzi. Nimempeleka mke wangu zahanati kwenye mkokoteni, jirani. Mkokoteni wa magunia! Kama hutaki kusumbuliwa, sema. Usituzimie simu."

"Mimi nizime simu?" Mama alifungua pindo la khanga akatoa simu. Ilikuwa na chaji, ilikuwa na vijiti vyote. "Ilikuwa mkononi mwangu tangu asubuhi. Haikuita hata mara moja."

Mshonaji alitazama vile vijiti, akacheka kicheko kisicho na furaha. "Basi hilo ndilo baya zaidi," alisema, akaondoka.

Maneno yana miguu. Kabla ya jua kuzama, mtaa mzima ulikuwa umesikia kwamba mkunga anazima simu. Watu wengine nao wakakumbuka kwamba waliwahi kumpigia wasimpate. Habari zikafika zahanati, na mganga mkuu akamwita mama. Mama aliporudi, aliketi bila kuvua viatu.

"Amesema malalamiko yakiendelea, kazi ya kupokea simu za mtaa huu atapewa mkunga mwingine," alimwambia mwanawe. "Kazi nitaipata nyingine. Lakini mke wa mwashi anakaribia siku zake, na mimba yake si nyepesi. Ananitegemea mimi. Sasa akiniita na nisisikie?"

Machozi yakamlengalenga. Kiherehere hakuwahi kumwona mama yake akilia, na moyo wake uliuma kwelikweli. Mama yake si mzembe! Aliapa moyoni kwamba atautafuta ukweli hata kama umejificha shimoni.

Kuanzia kesho yake, akitoka shule, alipita nyumba kwa nyumba. Wengine walimjibu, wengine walimfukuza kwa ufagio. Swali lake lilikuwa moja tu: "Ulipompigia mama ukamkosa, ulikuwa wapi?" Muuza genge alikuwa gengeni. Mwalimu mstaafu alikuwa barazani kwake. Wote walikuwa hapahapa bondeni. Lakini muuza mkaa alimpigia mama akiwa sokoni, ng'ambo ya kilima, na simu ikapokelewa mara moja. Hata zahanati wakipiga, walimpata.

Kiherehere alikwenda moja kwa moja kwa mshonaji.

"Shikamoo, baba. Naomba uje na simu yako."

"Marahaba. Umetumwa na mama yako?"

"Sijatumwa na mtu. Mpigie hapa ulipo. Yuko nyumbani."

Mshonaji aliguna, lakini akapiga. Simu ilikaa kimya, halafu ikakata. "Unaona? Kazima."

"Sasa twende kule juu, penye tangi la maji. Nakuomba, baba. Ukipiga kule ukamkosa, sitakusumbua tena maisha yangu."

Ahadi hiyo ilimvutia mshonaji. Walipanda hadi kwenye tangi, mahali ambapo mnara ulionekana waziwazi. Akapiga tena. Safari hii ikaita, na sauti ya mama ikasikika, "Haloo, nani anaumwa?"

Mshonaji alishikwa na butwaa. Akajibu kwa kubabaika kwamba hakuna anayeumwa, akakata simu, akajikuna kichwa. "Kumbe si simu ya mama yako! Ni mtandao wetu sisi. Lo! Na mimi nimemsema mtaa mzima." Hapohapo akaipigia kampuni ya simu.

Fundi wa kampuni alikuja kesho yake alasiri. Alikuwa dada mwembamba, mwenye kofia ngumu kichwani na antena ya mkononi iliyofanana na mifupa ya samaki. Watu walimzunguka, na bila shaka Kiherehere alikuwa mbele.

"Hapa mtandao ukoje?" fundi aliuliza.

"Umejaa!" wote wakaitika, na Kiherehere pamoja nao.

Fundi aliwatazama. "Umejaa vipi? Umejaa watu hadi simu haziendi, au vijiti vimejaa?"

"Haziendi," alisema muuza genge.

"Vijiti vimejaa," alisema Kiherehere.

Muuza genge akamgeukia kwa mshangao. Fundi naye alimtazama msichana kwa makini, kisha akachuchumaa na kuchora miduara mavumbini, mmoja ukigusana na mwingine.

"Sikilizeni. Simu yako haiongei na simu ya mwenzako moja kwa moja, hata kama mmekaa benchi moja. Inaongea na mnara. Sauti yako inageuzwa tarakimu, inakatwa vipande vidogo, vinarushwa hewani hadi mnarani. Mnara unavipeleka mbele, na kule mwisho vinaunganishwa tena kuwa sauti. Kila mnara una eneo lake, kama darasa na mwalimu wake. Ukitoka eneo hili kuingia lile, mnara mmoja unakukabidhi kwa mwingine huku unaongea, wala hujui."

"Sasa mwalimu wetu sisi amekufa?" mshonaji aliuliza, watu wakacheka.

"Yuko hai. Tatizo ni kelele. Mnara una kawaida ya kuiambia kila simu: wewe uko karibu, punguza nguvu, wewe uko mbali, ongeza. Hivyo unawasikia wote. Sasa mwanafunzi mmoja akiingia na kipaza sauti akapiga kelele mfululizo, wale wanaonong'ona nyuma watasikika?"

"Hawatasikika," watu walijibu.

"Basi. Mtaa huu kuna mtu ameweka chombo cha kukuza mtandao bila idhini. Kwake vijiti vinajaa, lakini chombo chake kinapiga kelele mnarani, na majirani wanakuwa mabubu."

Kiherehere alikumbuka kile kidude cha mjomba. Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema, na chake kilikuwa nyuma ya kabati la mama yake.

Fundi aliinuka, akazungusha antena yake taratibu. Mashine ndogo kiunoni ikalia. Alitembea, akasimama, akarudi nyuma. Mabati ya mapaa yalikuwa yakiyarudisha mawimbi ya simu huku na huko, yakimchanganya. Hatimaye alisimama mbele ya nyumba ya mshonaji, ambayo paa lake lilikuwa limepakana na la kina Kiherehere, na juu yake kulikuwa na antena ya televisheni.

"Ni hapa au karibu na hapa," alisema. "Nyumba hii ni ya nani?"

"Yangu," alisema mshonaji, macho yamemtoka. "Lakini ile ni ya televisheni, dada!"

"Aa, kumbe!" mtu alipiga kelele. "Unamsingizia mkunga, kumbe mchawi ni wewe!"

Watu wakaanza kumzomea. Mama naye alikuwa ametoka, amesimama mlangoni. Kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi, uso wake ulikuwa umetulia. Kiherehere alimwona. Alijua kwamba akinyamaza dakika chache tu, mama atakuwa ameshinda. Akisema, mtaa mzima utarudi kuelekeza vidole mlangoni kwao, na safari hii watakuwa na haki. Alimtazama mshonaji, aliyepanda naye kilima, akiapa mbele ya watu wasiomwamini, kama mama alivyojitetea mbele yake.

"Si yeye!" Kiherehere alisema. Sauti ilitoka ndogo, akairudia kwa nguvu. "Si yeye! Ni kwetu. Kiko nyuma ya kabati. Nilimsumbua mjomba akaleta, na ngazi nilishika mimi. Mama hakujua."

Watu wakageuka kumtazama. Halafu machozi yakamtoka, akayaacha yatiririke. Mama alishuka barazani, akamshika mkono, akamwambia fundi, "Karibu ndani, dada."

Mjomba aliitwa, akaja akinywea. Alipanda paani mwenyewe kufungua antena, na fundi akamkanya vikali kwamba vyombo vile haviruhusiwi, na kwamba safari nyingine ataitwa na wakubwa. "Nilidhani nawasaidia," mjomba alinung'unika. "Kumbe nimeziba masikio ya mtaa." Fundi akaondoka na kidude chenyewe.

Mama alisimama mbele ya majirani. "Nimekosa," alisema. "Niliona simu imepona ghafla, na sikuuliza imeponaje. Naombeni radhi."

"Na mimi nimekosa," alisema mshonaji. "Nilikuhukumu kabla ya kuuliza. Hebu ngoja." Akaingia dukani kwake, akafunga mlango, akapiga. Simu ya mama, yenye kijiti kimoja, ikaita. Watu wakapiga makofi kana kwamba hawajawahi kusikia simu ikilia.

Jioni, kikombe kilichovunjika mkono kilirudi dirishani. Kiherehere alikipangusa, akaisimamisha simu ndani yake, akasubiri kugombezwa.

"Umeniponza, mwanangu, na umeniokoa," mama alisema. "Ulitaka mimi nisikike, na nia yako ilikuwa njema. Lakini nia njema haitoshi. Kabla ya kujiongezea kitu, uliza kwanza unampunguzia nani. Na leo umesema kweli mahali ambapo uongo ulikuwa na faida kwetu. Hilo nitalikumbuka kuliko kosa."

"Hata zahanati wakikunyang'anya kazi?"

"Kesho nitamweleza mganga mkuu yote, kama wewe ulivyowaeleza majirani. Atakaloamua, ataliamua akiwa anajua ukweli."

Kabla Kiherehere hajajibu, simu ilitikisika ndani ya kikombe. Mama aliipokea palepale dirishani, akiinamisha kichwa ili asikipoteze kile kijiti.

"Haloo? Mwashi? Uchungu umeanza lini? Sawa, asilale chali. Nakuja."

Alichukua mkoba. Mlangoni aligeuka. "Unashangaa nini, Kiherehere? Nishikie taa. Leo kiherehere chako kina kazi."