Anayemtafuta Jaja Namwase

Mashine ya zahanati ya wazazi iligoma kuamka Jumatatu asubuhi, na hilo peke yake halikumshtua Shakul. Mashine hugoma. Kilichomsimamisha mlangoni mwa chumba cha seva, mkono bado uko kwenye kitasa, ni harufu ya ubani.

Chumba kilikuwa nyuma ya duka la zamani katikati ya mji wa Jinja, jengo la Wahindi lenye nguzo mbele, ambalo Brigid, mama wa Kikenya aliyemwajiri, alikuwa amelikodi na kulitia viyoyozi. Madirisha yalizibwa kwa matofali. Harufu ingepenya wapi? Shakul alijiambia ni marashi ya mteja, akaketi mbele ya kioo cha kompyuta.

Kazi yake ilikuwa kuzitunza mashine pepe. Ndani ya seva moja kubwa zilikaa kompyuta nyingi zisizo na mwili, ya zahanati, ya shule, ya kiwanda cha mafuta, kila moja ikijiona iko peke yake duniani. Moja ikigoma kuamka, hakuna faida ya kuingia ndani yake, maana ndani bado ni giza. Unasimama nje, kwenye seva iliyoibeba, unasoma logi ya fimuwea, ile programu ndogo inayofumbua macho kabla ya kitu kingine chochote na kuanza kupapasa: diski ipo? Mtandao upo? Kila inachopapasa inakiandika kwenye logi hiyo. "Ni kama mtu aliyepandwa na pepo," aliwahi kumweleza Brigid kwa mzaha. "Mwenyewe hajisikii. Anayemsikia ni yule aliyekaa kando ya kitanda."

Akafungua logi. Mistari ilikuwa ya Kiingereza kikavu kama siku zote. Kumbukumbu ipo, diski ipo, mtandao upo. Chini yake, kwa Kiswahili, mstari ambao hakuna fundi aliyeuandika:

*Namwase: hayupo.*

Programu ilikuwa imeanza upya kutoka juu, ikapapasa tena diski na mtandao, ikafika palepale. *Namwase: hayupo.* Ikaanza tena.

Shakul alimjua Namwase, na alijua kwa nini hayupo.

Jaja Namwase, yaani Bibi Namwase, kikongwe wa Kisoga mwenye mgongo uliopinda, alikuwa ameishi katika jengo lile tangu usichana wake, alipokuwa mtumishi wa familia iliyolijenga. Familia ilipofukuzwa nchini, yeye alibaki na funguo. Brigid alimkuta hapo, akamwachia kijumba cha uani na kazi ya kufagia. Kila Ijumaa baada ya swala alikuja na chetezo chake mpaka kwenye chumba cha seva, akasimama kidogo na kusema kwa sauti ya chini, "Ni sisi tu. Usiogope. Hawa ni watu wa kazi." Shakul alikuwa akikohoa makusudi ili atoke.

Kisha siku moja umeme ulikatika ukarudi, na Shakul akaenda kula bila kuwasha kiyoyozi. Joto liliunguza diski za zahanati. Brigid alipouliza imekuwaje, ulimi wa Shakul ukapita njia nyepesi. "Ni ubani wa yule mzee, madam. Moshi umeziba feni." Wiki ile ile Jaja Namwase aliondoka na godoro lake kichwani, akaenda Mbale, kwa mjukuu wake wa mtaa wa Namatala. Alimuaga Shakul kwa adabu, akamwombea baraka. Hilo ndilo lililokuwa likimrudia kila alipolala.

Brigid aliingia ghafla. "Shakul, hii kitu iko aje? Wamama wamejaa kwa foleni huko zahanati, hakuna anayeona faili lake."

"Naiangalia, madam." Akaufunika mstari ule kwa dirisha jingine.

Mchana ikagoma mashine ya shule. Kisha ya kiwanda. Shakul alizifungua logi zao moja baada ya nyingine huku akiomba kimoyomoyo asikute kitu, na katika kila moja alilikuta jina lile lile likitafutwa kwa subira, bila hasira, kama mtoto anayepita chumba hadi chumba akimwita mama yake. Jua lilipokuwa linazama feni za seva zilianza kubadili mlio, zikawa hazivumi tena bali zinavuta, zote kwa pamoja, pumzi ndefu ya kuingia isiyofuatwa na ya kutoka, na ubani ukajaa chumbani mpaka macho yakamwasha ingawa hapakuwa na chembe ya moshi, na alipojilazimisha kutazama kioo aliona mistari imesimama, imeacha kuanza upya, na wa mwisho kabisa ulikuwa mpya.

*Shakul: yupo.*

Alikimbia hata viatu vya kazini hakuvibadili.

Kesho yake alikuwa Mbale. Mbale ilikuwa kwao, lakini hakupita kwa mama yake. Kule Namatala majirani walimwelekeza sehemu ya viwanda, kwenye kinu cha mpunga, ambako Twaibah, mjukuu wa Jaja Namwase, alikuwa akipeta mchele, pumba zimemjaa nyusi.

"Salaam alaykum, dada. Namtafuta Jaja Namwase."

"We ni nani kwake?"

"Nafanya kazi Jinja. Kwenye lile duka."

Ungo ukasimama. "We ndo Shakul."

Aliitikia kwa kichwa.

"Tumemzika," Twaibah alisema. "Mvua ilileta maji ndani ya nyumba, kifua kikambana. Hakukusema vibaya, nikwambie. Alilia kitu kingine. 'Nimemwacha peke yake, hajui niko wapi.' Sisi tukadhani ni homa inaongea."

Shakul akaketi juu ya gunia. "Anamtafuta," akanong'ona. "Ameingia kwenye mashine zote. Nifanye nini?"

Twaibah alitazama huku na huku, naye akashusha sauti. "Jaja alisema yule si mbaya. Wenye nyumba, wale Wahindi, walimwacha nyuma, wakasahau hata kumuaga. Rudi umwambie jaja amekufa. Mwambie na sababu ya kutoka kwake, usifiche. Akishajua ukweli ataenda zake." Akamshika mkono, kucha zikamwingia. "Lakini usimwahidi kitu. Neno ukiwapa hao, wanalishika."

"Nisamehe, dada."

"Si mimi uliyenitoa nyumbani," alisema, akarudi kwenye ungo wake.

Alifika Jinja alasiri. Alisimama katikati ya chumba cha seva, feni zikivuta pumzi, baridi ikimpanda toka nyayoni, akaanza kusema kwa sauti iliyokatikakatika kwamba Namwase amefariki, kwamba amezikwa Mbale, kwamba hakutoka kwa kupenda wala hakuwa na kosa, ni yeye Shakul aliyeacha kiyoyozi kimezimwa na kumsingizia mzee wa watu ambaye hata siku ya kufukuzwa alimwombea baraka, na kadiri alivyosema ndivyo kitu kilivyosogea karibu, kisichoonekana, chenye ubani na ukiwa wa miaka mingi, mpaka akahisi kama paji la uso limelazwa kifuani pake, likitetemeka. Kilikuwa kinalia.

Hapo hatia ikamzidi nguvu. "Usilie," Shakul alisema. "Hutakuwa peke yako. Mimi nipo."

Feni zikashusha pumzi. Kwenye kioo mashine ziliamka kwa mfululizo, ya zahanati, ya shule, ya kiwanda, logi zote safi. Harufu ikakatika kama iliyofungiwa mlango. Shakul aligeuka, akamkuta Brigid amesimama kizingitini, uso umemsawijika.

"Mimi ndiye nilimwambia yule mama atoke," Brigid alisema. "Kwa mdomo wangu. Kwa sababu yako." Akanyoosha mkono. "Nipe funguo, uende."

Alimpa. Njiani kurudi Mbale alihisi wepesi ambao hakuwa ameuhisi kwa muda mrefu, karibu umpe usingizi. Amesema kweli, mashine zimepona, akina mama watatibiwa. Kazi atapata nyingine.

Mama yake alikuwa uani akikoroga malewa, yale machipukizi ya mianzi, juu ya jiko. Alisikia hatua, akainua kichwa, akafuta mikono kwenye leso na kutabasamu kwa ile adabu anayowawekea wageni wasiozoeleka.

"Karibuni," akasema.

"Ni mimi tu, mama."

Mama alitazama nyuma ya bega lake, kisha akamtazama yeye, kama anayemwonea aibu mwanawe kwa utovu wa adabu.

"Na mwenzako je?" akanong'ona. "Mbona unamwacha mlangoni, mtu wa watu analia?"