Hesabu Iliyochomwa Kiptere

Saa moja kasorobo asubuhi, nyumbani Kiptere, Cherotich alipapasa chini ya mto akakuta godoro tupu. Saa kumi na moja alfajiri daftari lake lilikuwepo. Basi kuna mkono uliopita chini ya kichwa chake akiwa usingizini.

Humo mlikuwa na miaka mitatu ya hesabu za uga wa tensa, nadharia ya fizikia kuhusu chanzo cha nafasi: punje zisizo na mahali, ambazo zikifika kiwango fulani hubadilika hali zote pamoja, kama maji yanavyoganda, na mahali penyewe pakazaliwa. Nakala nyingine hakuwa nayo.

Koplo Nyanchoka wa polisi, aliyeitwa na Cherotich, alifika saa mbili na nusu. Alichokora majivu ya jikoni kwa kijiti, akatoa waya wa daftari. Macho yote yakamgeukia Bilhah, mama mkwe, maana Jumapili alitamka mbele ya watu kwamba kitabu hicho kitamtia mke wa mwanawe wazimu na dawa yake ni moto. Bilhah hakuyakana maneno yake. Ila tangu saa kumi na moja alikuwa zizini, na jirani Janeffer, aliyekamua naye, alithibitisha.

Akabaki Gibson, mumewe Cherotich, mwanafizikia kama yeye. Alisema alitoka saa kumi na mbili kuchuma chai, akarudi saa mbili. Kikapu kilichojaa kilikuwa pale mlangoni. Nyanchoka, aliyekulia mashamba ya chai, alizamisha mkono ndani yake hadi kiwikoni.

"Leo kulikuwa na umande, Gibson. Mbona majani yako ni kavu, na huku katikati iko na moto?"

"Ni jua, afande."

"Jua gani? Majani ikilala kwa kikapu ndiyo hupata moto hivi. Hii ulichuma jana."

Njia ya mwongo ni fupi. Gibson aliketi kizingitini, akaeleza kwamba angetetea tasnifu yake Ijumaa, nayo yote ilisimama juu ya mabadiliko hayo ya hali. Daftari la mkewe lilionyesha kuwa katika modeli ya Gibson, ya ulimwengu uliojifunga wenye punje zinazohesabika, mabadiliko hayo hayatokei kamwe.

"Si ungeniambia tu?" Cherotich aliuliza.

"Daftari nilichoma," Gibson alijibu, akimkazia macho. "Halafu nikarudi kwa chumba. Nikasimama karibu na kitanda nikifikiria, hesabu bado iko kwa kichwa yako. Nilisimama mpaka nikasikia Mama anarudi na ndoo."

Cherotich alimshika koplo mkono kwa hofu, akamwomba asimwache peke yake hadi Gibson aingizwe kwenye gari la polisi.